Mawe 12 ya kusomea ziwa

Nafundisha baiolojia hapa Mwanza, na nimekulia mwaloni. Wanafunzi wakiniuliza furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, walikwenda wapi, nawapeleka majini na mawe 12, waone jinsi msukosuko, yaani kusumbuliwa, unavyoamua nani aishi mahali. Hata wewe unaweza, ukiwa na miezi mitatu.

Tafuta pwani ya miamba inayopigwa na mawimbi. Ghuba iliyotulia yenye majani iache, konokono wa kichocho wanaipenda. Hata penye mawimbi vaa buti za mpira na glavu, na uwaulize wavuvi kama mamba ameonekana. Wataarifu BMU pia, kikundi cha usimamizi wa mwalo, maana mtu anayehangaika na waya ufukoni hudhaniwa mvuvi haramu.

Okota mawe ya ukubwa wa nusu tofali. Yasugue kwa brashi, yaanike juani siku mbili, yatie namba kwa rangi, kisha yapange kwenye maji ya magotini. Namba 1 hadi 4 usiziguse ila siku ya kuhesabu, na mbili kati yake zifunike kwa waya wenye matundu madogo, uliokunjwa kama tenga la kuku, samaki wasifike. Namba 5 hadi 8 zigeuze kila Jumamosi. Namba 9 hadi 12 kila asubuhi.

Kaa mbali na wanapofulia watu. Mwaka wa kwanza sikujua. Wiki ya tatu nikamkuta bibi mmoja ameshika namba 7, anasugua visigino.

"Shikamoo bibi. Hilo jiwe ni la mtihani wa shule."

"Marahaba mwalimu. Basi limefaulu, linatoa magaga!"

Kila baada ya wiki mbili inua jiwe polepole ndani ya beseni jeupe, ulisuuze, usubiri maji yatulie. Hapo usiwe na haraka. Kwanza utaona uchafu tu, halafu uchafu unaanza kutembea: konokono wadogo kama punje za mtama, vibuu vyenye mikia mitatu, vingine vimejijengea vijumba vya mchanga. Andika idadi ya aina, si idadi ya wadudu. Majina ya kitaalamu hayahitajiki. Darasa langu lina "mzee kijumba" na "mikia mitatu", na kila mtu anaelewana.

Yaliyogeuzwa kila siku yalinipa utando mwembamba wa kijani, basi. Anayekua upesi ndiye anayeweza kuishi hapo. Chini ya waya, nyuzi ndefu kama nywele ziliwafunika wengine wote, kwa kuwa furu hawakupata nafasi ya kuzikwangua. Ya Jumamosi yalikuwa na aina nyingi zaidi, na hivyo ndivyo baadhi ya wanaikolojia wangetabiri: msukosuko wa kiasi huacha nafasi kwa wengi. Ila mwaka mmoja mawe yasiyoguswa, yale yasiyo na waya, yaliyashinda yote. Nilikasirika, kisha nikaelewa: furu na konokono walikuwa wakiyakwangua muda wote. Mlaji naye ni msukosuko.

Hapo ndipo namtaja sangara, samaki mkubwa anayekula furu. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akafumuka miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Dagaa, mwenye maisha mafupi na kuzaliana upesi, alinawiri, kama ule utando wa jiwe la kila asubuhi. Uvuvi ulipompunguza sangara miaka ya 1990, baadhi ya furu walirudi. Lakini maji nayo yalikuwa yamechafuka kwa mbolea na udongo wa mashambani, na gugu maji limetanda, kwa hiyo kutenganisha nani alifanya nini ni kazi ngumu. Jaribio lile la ziwa zima halikuwa na jiwe la kulinganishia. Lako linalo, ndiyo maana usikubali mwanafunzi aguse namba 1 hadi 4 kabla ya siku ya kuhesabu, hata akikuambia jiwe limekaa vibaya.

Miezi mitatu ikiisha, toa waya wote siku hiyohiyo, usije ukanasa samaki au mguu wa mtoto. Mawe yarudishe ulikoyaokota. Namba 7 mimi nilimwachia bibi, kwa hiyo kundi la Jumamosi mwaka ule lilibaki na matatu, na wanafunzi wakaandika hivyo hivyo kwenye daftari.