Somo: Umepiga Windows upya, waifai na sauti vimepotea. Pitia hapa kabla hujanunua kadi mpya

Wakuu, salaam.

Swali hili nimelijibu mara nyingi mpaka majibu nayaandika kwa mazoea: "Fundi, nimepiga Windows, waifai haionekani, ninunue kadi nyingine?" Kuanzia leo ukiniuliza nitakuleta hapa. Usinune. Soma hadi mwisho, ufanye, kisha uliza.

Natanguliza jambo moja, maana ndilo linalowapotezea watu hela. Kila kifaa kilichomo ndani ya mashine kimebeba namba yake tangu kiwandani, na kitakutajia namba hiyo hata kama draiva yake (programu inayoiwezesha Windows kukitumia) haipo. Anayekwambia "kadi imekufa hiyo" kabla ya kuisoma anakisia tu, na makisio yake utayalipia wewe. Nimeona watu wananunua kadi ya waifai, wanafungua mashine, wanabadilisha, halafu tatizo liko palepale kwa sababu draiva bado haijawekwa.

Hatua ya 1: Zima kweli kweli. Windows 10 na 11 ukizizima kwa kawaida hazizimi zote, sehemu ya mfumo inahifadhiwa kwenye diski ili iwake haraka kesho. Kwa hiyo hitilafu ya jana nayo inaamka nayo. Shikilia Shift unapobofya Shut down. Ikishazima, chomoa chaja (na betri kama inatoka), bonyeza kitufe cha kuwashia usiachie kwa sekunde 30, rudisha umeme, washa. Kadi nyingi za Intel zinazosema Code 10 (maana yake iko Hatua ya 3) hurudi hapo hapo.

Hatua ya 2: Angalia swichi ya waifai. Dell za zamani zina kiswichi ubavuni, HP nyingi ni kitufe cha F12.

Hatua ya 3: Soma code. Bofya kulia kwenye Start, chagua Device Manager, tafuta kifaa chenye alama ya njano, kibofye mara mbili. Code 28 maana yake draiva haipo. Code 22, kuna mtu amekizima, bofya kulia ukiwashe. Code 10, draiva ipo ila kifaa hakianzi. Mara nyingi draiva siyo yake. Code 43, kifaa chenyewe kimeripoti kwamba kina shida. Hapo ndipo unaweza kuanza kufikiria ubovu, lakini usiuhukumu bado.

Hatua ya 4: Soma namba. Kwenye dirisha hilohilo nenda Details, kwenye Property chagua Hardware Ids. Utaona kitu kama hiki:

PCI\VEN_8086&DEV_24FD

VEN ni kampuni, DEV ni kifaa. 8086 ni Intel, namba waliyoitoa kwenye prosesa yao ya mwaka 1978. 24FD ni kadi ya waifai Wireless-AC 8265. Basi, umeshaijua bila kugusa bisibisi. Nyingine utakazokutana nazo sana: 10EC ni Realtek, 14E4 Broadcom, 168C Atheros, 14C3 MediaTek, 10DE NVIDIA, 1002 AMD.

Majina ya vifaa kwenye Device Manager yasikuchanganye. "PCI Simple Communications Controller" watu hudhani ni modemu, kumbe kwenye mashine za Intel ni Management Engine, sehemu ya Intel ya kusimamia mashine. "SM Bus Controller" inataka draiva ya chipset (chipu za bodi zinazounganisha prosesa na vifaa vingine). Na kwenye Dell ukikuta "Unknown device" yenye ACPI\SMO8800, hicho ni kihisio cha kujua mashine inaanguka ili diski ya kuzunguka ijilinde. Kama umeshaweka SSD hakikupunguzii wala kukuongezea kitu, ila weka draiva yake ili alama iondoke usije ukaikimbiza mwezi mzima.

Hatua ya 5: Pata intaneti kwa waya wa simu. Chomeka simu ya Android, washa USB tethering. Windows inaitambua bila kuwekewa chochote. iPhone inataka draiva ya Apple kwanza, kwa hiyo azima Android. Ukishaunganishwa, nenda kwenye mipangilio ya mtandao huo uwashe Metered connection, la sivyo Windows itaanza kujisasisha na bando lako litakwisha kabla hujafungua ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 6: Shusha draiva kwa aliyetengeneza mashine. Dell wana Service Tag ya herufi na namba 7 chini ya mashine. Kama stika imefutika, na mtumba nyingi zimefutika, fungua PowerShell uandike Get-CimInstance Win32_BIOS, itakutajia kwenye SerialNumber. Anza na chipset, washa upya, kisha waifai, sauti, na picha. Zile programu za "nitakutafutia draiva zote" sizitumii na sikushauri: zinachagua draiva inayofanana, siyo ya mashine yako, na nyingi zinakuja na wageni usiowaalika.

Hatua ya 7: Ukikuta BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows) kwenye orodha hiyo ya draiva, SIMAMA. Hapa niliharibu, kwa hiyo nisikilizeni.

Ukurasa wa kampuni huweka toleo jipya la BIOS pamoja na draiva, tena mara nyingi limeandikwa kuwa ni la dharura. Mwaka 2023 dada mmoja aliniletea mashine ambayo shida yake ilikuwa sauti tu. Nikashusha vyote, nikaweka vyote, na BIOS ikiwemo. Ikawaka upya, ikaleta skrini ya bluu ya BitLocker, kufuli la diski la Windows, inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Dada hakuwahi hata kulisikia neno hilo. Diski ilikuwa imefungwa tangu mashine ilipowekewa akaunti, na akaunti ilikuwa ya aliyemuuzia, ambaye simu yake haikupatikana tena. Nikajaribu kurudisha BIOS ya zamani, ikakataa kushuka. Ndani mlikuwa na sura tatu za tasnifu yake ya chuo, hazipo pengine popote. Sikuweza kumrudishia sura hizo. Nilimwona anafungua begi, anaiweka mashine ndani taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akaondoka bila kuniambia neno.

Sababu ni hii: chipu ya TPM, inayotunza ufunguo wa BitLocker, inapokea vipimo vya hali ya BIOS kila mashine inapowaka, na ufunguo inautoa kama vipimo vinalingana na vya jana. Ukibadilisha BIOS, vipimo vinaweza kubadilika, na vikibadilika chipu inanyamaza. Programu za baadhi ya kampuni husitisha ulinzi zenyewe kabla, nyingine hazifanyi hivyo. Usitegemee.

Kwa hiyo, KABLA ya kugusa BIOS, fungua Command Prompt kama msimamizi:

manage-bde -status

Ikionyesha Protection On kwenye C:, andika

manage-bde -protectors -get C:

Itakutolea zile tarakimu 48. Ziandike kwenye KARATASI, siyo kwenye faili la mashine hiyohiyo. Kisha

manage-bde -protectors -disable C:

Hapo ulinzi unasitishwa hadi mashine itakapowaka tena. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe nzima, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS unabaki na kopo. Betri imekufa? Acha. Na kama tatizo lako ni sauti au waifai, BIOS huna haja nayo kabisa. Mimi sikuwa na haja nayo siku ile.

Hatua ya 8: Bado imegoma? Iulize kwa mfumo mwingine. Weka Ubuntu kwenye flashi, washa mashine kwa kubonyeza F12 (Dell, Lenovo) au F9 (HP), chagua flashi, kisha "Try Ubuntu". Haiwekwi kwenye diski. Secure Boot (ulinzi wa BIOS unaokagua mfumo kabla haujawaka) usiizime, Ubuntu inawaka nayo vizuri, na kuizima kunaweza kuleta skrini ileile ya tarakimu 48. Waifai ikifanya kazi humo, kadi ni nzima, rudi kwenye draiva. Ikigoma, andika lspci kwenye Terminal, itaorodhesha vifaa vya ndani. Kadi isipotajwa hata jina, sasa ndipo unafungua mashine: itoe, ifute miguu ya dhahabu kwa kifutio safi, irudishe, hakikisha nyaya mbili za antena zimebana. Ikishindikana tena, nenda kanunue kwa moyo mweupe.

Hatua ya 9: Safari ijayo, hifadhi draiva kabla ya kupiga Windows. Tengeneza folda kwenye flashi, kisha Command Prompt kama msimamizi:

pnputil /export-driver * E:\draiva

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Ukishapiga Windows:

pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install

Huo ndio msaada mkubwa kuliko yote niliyoandika hapa.

MASWALI

Mdau, Morogoro: Mkuu yangu haina sauti nifanyeje

Jibu: Code ngapi? Hatua ya 3.

Mdau, Morogoro: Sina muda wa kusoma yote hayo mkuu, nipe link ya draiva tu

Jibu: Sijui mashine yako ni ipi. Nikikupa link kwa kubahatisha nitakuwa nafanya kilekile ninachowakataza. Hatua ya 3 na ya 4 ni dakika mbili.

Mdau, Mombasa: Shukran ndugu yangu. Mbona unasisitiza chipset ianze? Mimi huweka yoyote iliyo karibu.

Jibu: Swali zuri sana. Kuna vifaa ambavyo Windows haiwezi hata kuviona mpaka daraja lao lipatikane. Kwenye Intel za miaka ya karibuni, sauti inapita kwenye kitu kinaitwa Smart Sound. Bila draiva yake utaona "Multimedia Audio Controller" yenye alama ya njano tu. Ukiiweka, ndipo chipu ya Realtek inajitokeza nyuma yake na kuomba draiva yake. Ukianza na Realtek, itakwambia haioni kifaa, nawe utadhani spika zimekufa.

Mdau, Kinondoni: Mbona mimi natumia programu ya kusasisha draiva mwaka wa nne sasa na sijapata shida? Mnatisha watu bure.

Jibu: Nafurahi kwamba hujapata. Mimi nazipokea zile zilizopata: padi ya kugusa imeacha kufanya kazi, skrini inawaka na kuzima. Ukifika huko, Device Manager, kichupo cha Driver, Roll Back Driver. Sijamtisha mtu, nimesema ninachokiona mezani kwangu.

Mdau, Mwanza: Kaka habari. Nina stationery, nimeletewa mashine ya Core i5 kizazi cha 11. Nataka kupiga Windows lakini inafika kwenye kuchagua diski, hakuna diski hata moja. SSD nimeijaribu kwenye mashine nyingine, ni nzima. Namba ningeisoma kama ulivyofundisha ila hapo hakuna Device Manager.

Jibu: Dada, umefanya sawa kuijaribu pengine kwanza, wengi wangeshauza SSD. Hiyo ni VMD, kidhibiti cha diski cha Intel, kuanzia kizazi cha 11 kwenye mashine nyingi diski inakaa nyuma yake na flashi nyingi za Windows hazina draiva yake. Kwenye kompyuta nyingine shusha SetupRST.exe ya Intel, uifungue kwa amri:

SetupRST.exe -extractdrivers C:\rst

Nakili folda hiyo kwenye flashi ya Windows. Ukifika pasipo na diski bofya Load driver, elekeza kwenye folda ya VMD, diski itatokea. Wengine watakwambia uzime VMD kwenye BIOS. Kama mashine haina kitu ndani, sawa. Kama ina Windows ya mteja inayofanya kazi, ukiizima itagoma kuwaka na kuandika INACCESSIBLE BOOT DEVICE, na kama ina BitLocker unaijua habari yake.

Mdau, Mwanza: Imetokea! Ubarikiwe kaka. Folda ilikuwa ndani ya folda nyingine, ndiyo iliyonichelewesha.

Mdau, Zanzibar: Nje ya mada kidogo. Nina waya wa USB wa kuprogramu redio za upepo. Code 10, na jina limeandikwa PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012. Waya umekufa?

Jibu: Haujakufa. Chipu yake ni ya zamani au ni ya kuigiza, na draiva mpya za Prolific zimeandikwa ziikatae. Tafuta draiva ya zamani, toleo 3.2.0.0 ndilo wana redio wengi hutumia, kisha Update driver, Browse, "Let me pick", ulichague hilo kwa mkono. Windows ikijisasisha inaweza kurudisha jipya, utarudia. Siku ukinunua mwingine, uliza wenye chipu ya CH340 au FTDI halisi.

Mdau, Morogoro: Mkuu nimerudi. Code 10. HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0255. Ni Dell.

Jibu: Sasa tunaongea. 10EC ni Realtek, 0255 ni chipu ya ALC255. Windows imeweka draiva yake ya jumla na haielewani nayo. Ingia kwa Service Tag yako, sehemu ya Audio, shusha Realtek ya mashine hiyo, sakinisha, washa upya. BIOS iliyo kwenye orodha hiyo usiiguse.

Mdau, Morogoro: Inalia mkuu. Na zile tarakimu 48 nimezikuta, kumbe hata yangu ilikuwa imefungwa. Nimeziandika kwenye daftari la mama.