Kukarabati Hifadhidata ya Bayes Iliyoharibika katika SpamAssassin

SpamAssassin ni programu ya kuchuja barua pepe taka, na Bayes ni sehemu yake inayojifunza kutokana na maneno ya barua. Kabla ya kugusa faili yoyote, simamisha spamd (huduma ya SpamAssassin inayofanya kazi chinichini) pamoja na kazi za sa-learn (amri ya kuifundisha Bayes) zilizopangwa kujiendesha, kwa sababu hifadhidata inayoandikwa huku ikitengenezwa huzidi kuharibika. Kisha nakili folda nzima ya .spamassassin mahali pengine. Ndani yake bayes_toks hubeba hesabu za maneno, na bayes_seen hukumbuka barua zilizokwisha kufundishwa.

Ukiwa umeingia kama mtumiaji anayemiliki faili hizo (la sivyo utajizulia tatizo la ruhusa), endesha sa-learn --backup > akiba.txt. Usifute kitu kabla ya kuifungua akiba hiyo: mstari wa kwanza unapaswa kutaja db_version (toleo la hifadhidata), ukifuatiwa na num_spam (barua taka) na num_nonspam (barua halali) zenye idadi unazoziamini. Idadi hizo zikiwa sahihi, tumia sa-learn --clear, halafu sa-learn --restore akiba.txt.

Akiba ikikatikia njiani, kwa maoni yangu ni afadhali kufuta na kufundisha upya kuliko kurejesha hesabu zenye mapengo, ingawa kwa kawaida Bayes haitatoa alama mpaka ijifunze angalau barua taka 200 na halali 200. Mwishoni hakiki idadi hizo kwa sa-learn --dump magic, kisha washa spamd.