SOMO: Kumdai paka (au mbwa) wako aliyebaki kwa mliyeachana naye

Naandika mara hii moja. Tangu nimtoe paka wangu Karafuu kwa aliyekuwa mchumba wangu, hazipiti siku mbili bila mtu kuniuliza "ulifanyaje?" Haya ni ya Kenya, nami si wakili, nilijisimamia mwenyewe, Mombasa.

Mbele ya sheria paka ni mali inayohamishika, kama friji. Hakuna atakayeuliza anampenda nani. Swali ni moja: ni wa nani?

1. Kusanya ushahidi: kadi ya chanjo yenye jina lako, malipo ya M-Pesa kwa daktari wa mifugo, picha za tangu alipokuwa mdogo, jirani aliyekuona ukimlea.

2. Andika alama zake. Paka wa rangi ya chungwa wamejaa mji mzima. Karafuu ana kidoa cheusi juu ya pua, utadhani wino umemdondokea, na ncha ya mkia imepinda kulia tangu abanwe na mlango wa jikoni.

3. Muombe kwa upole, tena kwa maandishi. Usimtumie ujumbe wa hasira wa "baki naye basi". Kesho atauonyesha aseme ulimpa zawadi.

4. Barua ya madai. HAPA NDIPO NILIPOHARIBU. Niliandika: "Unirudishie paka wangu ndani ya siku saba au unilipe shilingi 8,000." Nilidhani hiyo "au" itamtisha. Barua aliipata asubuhi. Kabla ya adhuhuri simu ikalia: nimepokea 8,000 M-Pesa. Paka nimeshamuuza, tena kwa bei niliyoipanga mwenyewe! Nilikaa kitandani naitazama ile meseji mpaka chai ikapoa. Kisha nikamrudishia pesa zote saa ileile, nikamwandikia kwamba sikuzikubali, namtaka paka, na nikapeleka barua mpya. Ningelala nazo usiku mmoja, au ningezigusa hata mia, ningekuwa na kazi ya kueleza. Kwa hiyo: dai mnyama mwenyewe. Mtaje kwa jina na alama, toa tarehe na mahali pa kumkabidhi. Thamani utaitaja kwenye madai ili mahakama ijue kesi iko ndani ya kiwango chake, lakini isigeuke chaguo la mdaiwa.

5. Fungua madai Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya kurudishiwa mali inayohamishika. Wakili si lazima, Kiswahili kinaruhusiwa, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60.

6. Ukipata amri, naye akakaidi, rudi mahakamani uombe itekelezwe. Usiende kwake na kaka zako.

MASWALI

Bosi wa Nyali: Ndefu hiyo, sijasoma yote. Ufunguo wa kwake bado ninao, siwezi kuingia tu nikamchukua akiwa kazini?
— Unaweza. Halafu wewe ndiye unayeweza kushtakiwa kwa kuingia nyumba ya mtu bila ruhusa. Rudi usome.

Bosi wa Nyali: Lakini mbwa ni WANGU.
— Mbwa wako, nyumba yake. Sina la kuongeza.

Bi Tatu: Dada, mimi nilikuwa mke wa ndoa, na paka tulinunua pamoja. Ni njia hiyohiyo?
— La, dada, umeuliza la maana. Mkiwa na ndoa, mnaangukia Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, na mlichonunua kwa pamoja ni cha wote wawili. Kama ni Waislamu, sheria hiyo inawaruhusu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Zungumza na wakili kabla ya kufungua chochote. Njia yangu inawafaa zaidi waliokuwa wakikaa pamoja bila ndoa.

Mzee Kobe: Tumeachana mwaka wa nne sasa. Bado naweza?
— Mzee wangu, shikamoo. Madai ya mtu kukuzuilia mali kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Kuna la kuangalia, siku hiyo inahesabiwa tangu lini: mlipoachana, au ulipomdai akakataa? Mpelekee wakili tarehe zako zote.

Jirani Mpole: Akirudi, si atatoroka aende kule alikozoea?
— Atajaribu. Wangu nilimfungia chumba kimoja wiki mbili, pamoja na kanga yangu ambayo sikuifua.

Mzee Kobe: Bibi yetu alikuwa akimpaka paka mgeni samli miguuni. Akimaliza kulamba, keshazoea nyumba.
— Nilimpaka, mzee. Akalamba, akalala, alfajiri akavunja sahani ya mama.