Mazoezi ya sayansi nyumbani kwa mtoto wa darasa la 3 mpaka la 7, bila maabara

Mtoto anakwambia "mvukizo ni kitendo cha kimiminika kubadilika kuwa gesi" bila kukosea hata herufi, afu unamuuliza nguo pale kwenye kamba zimekaukaje anakujibu jua limenyonya maji. Sawa, na usiku mbona zinakauka kukiwa na upepo? Hapo kimya. Yaani maneno anayo ila kitu chenyewe hana, na mtihani siku hizi unamuuliza kitu chenyewe.

Kwaiyo wazazi wenzangu, dada na kaka mnaosimamia homework jioni, hivi ndo mnaweza kufanya. Utaratibu wangu ni mmoja tu na ndo huohuo kwa kila mada: mtoto ATABIRI kwanza na aandike kwenye daftari, ndo mfanye, afu aeleze mwenyewe kwanini imetokea vile. Usiruke ule utabiri. Ukiuruka mtoto anaangalia jaribio kama anaangalia katuni, anafurahi na kesho kasahau, lakini akishaandika "sahani itachelewa kukauka" na ikawahi, hiyo inamuuma na haitoki kichwani.

Anzeni na maji mana yapo kila nyumba. Pima kikombe kimoja cha maji mimina kwenye sahani pana, kikombe kingine acha kwenye glasi, weka vyote sehemu moja. Ipi itaisha kwanza? Sahani, kwasababu eneo la uso wa maji ni kubwa. Mkishamaliza hiyo mpeleke kwenye mtungi wa udongo kama mnao, au kwa bibi hamkosi, agusishe mkono mtungi na ndoo ya plastiki vilivyokaa kivulini pamoja. Mtungi una baridi kwasababu maji yanapenya kwenye vitundu vidogo vya udongo, yanavukizwa nje na yakiondoka yanaondoka na joto. Plastiki haipitishi. Akielewa hapo hata jasho la mwili ameshalielewa bila kufundishwa.

Tonesho, yaani mvuke kurudi kuwa maji, ndo linawachanganya wengi. Chupa ikitoka kwenye friji inatoka jasho, na watoto karibu wote watakwambia maji yamepenya kutoka ndani. Usibishane nae. Weka juisi ya ukwaju kwenye chupa, igande kabisa ubaridi, itoe, asubiri matone yatokee nje afu ayaonje. Hayana sukari wala rangi. Yametoka wapi sasa? Kama bado mbishi (na ni vizuri awe mbishi) chukua chupa tupu kavu, funga kifuniko, weka friza, itoe, nayo inatoka jasho. Ni mvuke wa hewani. Dar na Tanga hii inakubali haraka mana hewa ina unyevu mwingi, walioko Dodoma kipindi cha kiangazi msishangae matone yakiwa machache, na hilo nalo ni swali zuri la kumuuliza mtoto.

Nyenzo, yaani vifaa vya kurahisisha kuinua au kusogeza mzigo: egemeo ni pale kinapoegemea, jitihada ni nguvu unayotia. Hapa watoto wanakariri "daraja la kwanza egemeo katikati, la pili mzigo katikati, la tatu jitihada katikati" na wakikutana na picha ya toroli wanabahatisha. Chukua rula ya sentimita 30, weka juu ya penseli ile yenye pembe ili isiviringike, penseli iwe kwenye 15. Sarafu mbili za aina moja zibebanishe ziweke sentimita 5 kutoka kwenye egemeo, afu umpe sarafu moja tu, iweke wapi ili rula ilale sawa? Atahangaika, mwache ahangaike, ataipata kwenye sentimita 10 upande wa pili. Mbili mara tano, moja mara kumi. Ameshagundua kanuni mwenyewe. Baada ya hapo mzunguke nyumbani mkitafuta egemeo: mkasi, kifungulia soda, kibano cha kushikia mkaa, ufagio, toroli la jirani. Kila kimoja aonyeshe kwa kidole mzigo uko wapi, egemeo wapi, jitihada wapi, ndo ataje daraja. Kidole kwanza.

Umeme fanyeni na betri za tochi tu, TAFADHALI, soketi ya ukutani hapana hata kwa kuonyesha, na betri ya simu pia hapana mana ikigusana waya inachemka vibaya. Betri mbili, waya kutoka kwenye redio iliyokufa, taa ndogo ya tochi ya mchina. Ikikataa kuwaka usiirekebishe, mwambie ageuze, mana zile taa za LED zinapitisha umeme upande mmoja tu. Ikishawaka kata waya katikati na muanze kujaza nafasi na vitu: kijiko, sarafu, raba bendi, kipande cha kanga, na mwisho ule mkaa wa penseli iliyochongwa pande zote mbili. Atatabiri penseli haipitishi. Inapitisha, japo kwa unyonge.

Sasa dunia na anga, mada ambayo mi naipenda kuliko zote na shuleni wanaipita mbio. Chomeka kijiti wima uwanjani, kila saa mtoto aweke kokoto kwenye ncha ya kivuli. Kivuli kifupi kuliko vyote kitakuja lini? Atasema saa sita kamili. Kwa Dar huwa ni dakika kama kumi mpaka thelathini na kitu baada ya saa sita kutegemea na mwezi, ila Kigoma ni kama saa saba mchana, kwasababu nchi nzima saa zetu zinasoma sawa wakati jua linafika Kigoma likiwa limechelewa. Afu kuna hili: Dar siku za mwanzo za Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba jua linapita utosini kabisa na kijiti kinakosa kivuli. Mwanza ni katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Oktoba ni nzuri zaidi mana mawingu siyo mengi. Mwezi Juni kivuli cha mchana kinaangukia kusini, Desemba kaskazini, mtoto akiona kwa macho yake kwamba jua limehama upande, habari ya dunia kuinama kwenye mhimili wake inaanza kuingia. Asiliangalie jua lenyewe lakini.

Na hapo kuna mtego. Muulize kwanini Januari kuna joto, wengi wanasema dunia iko karibu na jua. Shida ni kwamba KWELI mwanzoni mwa Januari dunia iko karibu zaidi, kama kilomita milioni 147, na Julai iko milioni 152, kwaiyo kwa sisi jibu lake baya linaonekana limethibitishwa. Muulize tu, Januari hiyohiyo Uingereza kuna baridi kali, je wao wako kwenye dunia nyingine?

Mlioko pwani mna darasa la bure la mwezi. Nendeni ufukweni mwandike maji yamekupwa saa ngapi, kesho mrudie, yatachelewa kwa kama dakika 50, na mtaona bamvua (maji yanajaa na kupwa sana) linakuja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji mafu (yanajaa na kupwa kidogo) yanakuja mwezi ukiwa nusu. Mkiwa hapohapo okoteni jiwe la matumbawe, liponde, likamulieni ndimu, litatoa mapovu, ni chokaa ile, iliyotokana na viumbe wa baharini, na ndo nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya aina hiyo. Mfano wa miamba tabaka umeushika mkononi. Ile volkano ya magadi na siki ya kwenye video ni nzuri kwa macho ila haifundishi volkano, magma haitoki kwasababu ya siki, bora umwonyeshe picha za Ol Doinyo Lengai, volkano yetu ya kaskazini mwa Tanzania.

Udongo ni rahisi: chupa ya plastiki, udongo theluthi, maji, sabuni ya unga kidogo, tikisa, acha. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi, mfinyanzi hata kesho maji bado yana tope. Linganisha wa bustanini na wa barabarani.

Past paper za NECTA zije mwisho. Ziba yale machaguo kwa karatasi, ajibu swali kwa maneno yake kwanza, ndo ufungue achague, na kwa kila chaguo alilolikataa akwambie limekosea wapi.