Luwombo ya kuku kwa Krismasi: kazi iko kwenye jani

Luwombo, yaani nyama na mchuzi vinavyopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, ikishafungwa haionjwi wala haiongezwi chumvi. Ndiyo maana mapishi haya ya Waganda hufaulu au huharibika kabla sufuria haijapanda jikoni.

Kila mlaji hupata kifurushi chake, kwa hiyo tafuta majani mawili ya mgomba kwa kila mtu: mapana, machanga kiasi, yasiyochanika. Yapitishe juu ya makaa mpaka rangi ikolee na yalegee kama kitambaa. Geuza mgongo wa jani juu, laza kisu, uparue uti wa kati hadi ubaki mwembamba. Ukizamisha kisu, jani litatoboka na mchuzi wote utaishia chini ya sufuria. Ukiuacha uti mnene, utavunjika unapokunja na kupasua jani. Foili haivuji, lakini haina ile harufu. Majani yanaweza kuandaliwa tarehe 24 usiku. Kuku hapana: nyama iliyobabuliwa nusu isilazwe.

Kwa watu 6, kata kuku wa kienyeji wa kilo 1.5 vipande 6 vikubwa, uvibabue kwenye makaa kama dakika 10, ngozi ipate rangi na moshi. Koroga gramu 300 za karanga mbichi zilizosagwa na vikombe 2 vya maji, nyanya 3, vitunguu 2, chumvi, na uyoga mkavu uliolowekwa. Mchuzi uwe kama uji mwepesi, maana karanga huvimba zikiiva. Karanga zenye ukungu tupa. Moto hauondoi sumu yake.

Bonyeza majani mawili ndani ya bakuli, weka kipande na upawa wa mchuzi, kusanya kingo juu, funga kwa byayi, zile kamba za maganda makavu ya mgomba. Tandika vikonyo na nyuti ulizoparua chini ya sufuria, maji yasivipite, kisha simamisha vifurushi wima, mafundo juu. Funika kwa majani mengine.

Kuku wa kienyeji anahitaji saa 3 za mvuke. Wa kisasa saa 1.5, la sivyo atamomonyoka. Ibada ya Krismasi huwa ndefu, basi abaki mtu wa kuongeza maji, tena yanayochemka, kwa pembeni. Maji yakikauka vikonyo huungua, na vifurushi vyote vitanuka moshi.