Kuokoa kanda ya Live Aid ya utotoni

Kanda za VHS zilizorekodi Live Aid, tamasha la 13 Julai 1985 lililorushwa kutoka London na Philadelphia, zinazidi kuchakaa. Zihamishie kwenye kompyuta mapema.

Kwanza chungulia kidirisha cha kanda. Unga mweupe ukingoni mwa utepe ni ukungu. Ukiicheza hivyo, hedi za deki, yaani sehemu zinazosoma utepe, zitachafuka na kuambukiza kanda nyingine. Ikiwa safi, ipeleke mbele hadi mwisho kisha irudishe, utepe ujikaze upya sawasawa. Mistari ikitokea kwenye picha, rekebisha trakingi, yaani jinsi hedi zinavyofuata utepe.

Kanda ya Uingereza ni PAL, mfumo wa picha za TV wa huko: nasa kwenye kompyuta kwa pikseli 720×576, fremu 25 kwa sekunde. Ya Marekani ni NTSC, mfumo wa TV wa kwao: pikseli 720×480. Usikate maneno ya watangazaji. Utoto wenyewe umo humo.