Si lazima akiri: kumsaidia mnywaji anayesema hana tatizo

Familia nyingi hupoteza miaka zikingoja sentensi moja: "Kweli, pombe imenizidi." Sentensi hiyo mara nyingi haiji, wala haihitajiki. Wapo wanaopunguza, wanaokwenda hospitali, hata wanaoacha kabisa, bila kutamka hata siku moja mbele ya mke au ndugu kwamba walikuwa walevi. Basi msimbane akiri. Mtafutieni hatua moja ndogo ambayo anaweza kuikubali bila kuvunjiwa heshima.

Anza na daftari. Kwa wiki mbili andika kimyakimya: siku, alichokunywa, saa aliyorudi, kilichotokea. Bila maandishi mtabishana juu ya kumbukumbu, na mnywaji habishiki. Kipimo kimoja cha pombe, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ni gramu 10 za kileo halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vipimo viwili. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina kama gramu 55, karibu sawa na bia tatu. Shirika hilohilo huhesabu gramu 60 kwa mkao mmoja kuwa unywaji wa kupindukia, kwa hiyo yule wa "mimi bia tatu tu" yuko mpakani kabisa. Gongo, komoni na mbege hazina lebo. Andika vikombe tu, usikisie nguvu yake. Na daftari hili si la kumsomea mashtaka. Ni lako, na baadaye la daktari.

Mtazame pia asubuhi, kabla hajatoka. Kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili? Anatoka jasho kukiwa na baridi, anatapika mate matupu, hatulii mpaka akazimue? Mwili wa huyo umeshaizoea pombe. Asiambiwe kamwe "kama si mlevi, acha leo tuone," maana akiacha ghafla kutetemeka huanza ndani ya saa 6 hadi 24, degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Watu hufa kwa hali hiyo. Kumwaga chupa zake au kumfungia ndani ni kumtia kwenye hatari hiyohiyo. Aachishwe chini ya daktari, ambako atapewa dawa za kutuliza na vitamini B1.

Kuhusu mazungumzo, wakati ni nusu ya kazi. Akiwa amelewa, nyamaza. Asubuhi kichwa kikimgonga atakubali lolote ili umwache alale, na ahadi ya namna hiyo haifiki jioni. Subiri saa ambayo ni mzima na hana haraka, siku moja au mbili baada ya tukio. Dakika kumi zinatosha. Taja tukio moja, jinsi lilivyokugusa, sehemu yako ya kosa kama ipo, na ombi moja:

"Baba Neema, juzi ulirudi saa saba usiku, Neema ndiye aliyekufungulia mlango, na asubuhi alikuwa na mtihani. Iliniuma. Najua nami nilikusema mbele yake, hapo nilikosea. Naomba Alhamisi twende wote tukapime presha, na tumweleze daktari habari ya usingizi wako."

Neno "mlevi" halimo, wala "kila siku", wala "kama baba yako". Atajibu kwamba kazini hajawahi kukosa na anakunywa kwa hela yake. Usibishane na lililo kweli: "Ni kweli, kazi hujakosa. Mimi nasema ya mlango tu." Akipandisha sauti, ishia hapo, utarudi siku nyingine. Na kama ana historia ya kupiga, usizungumze naye peke yako, na jua mapema wewe na watoto mtalala wapi.

Kikao cha ukoo, wajomba na mashangazi kumi sebuleni, sisi hatukipendekezi. Mtu hufika ameshakasirika, huondoka ameaibika, na aibu huishia baa. Tafuta mtu mmoja anayemheshimu: mshenga, msimamizi wa ndoa, kaka mkubwa, au rafiki aliyeacha pombe. Huyu wa mwisho mara nyingi ndiye anayefungua mlango.

Sehemu ngumu ni kuacha kumfunikia. Deni lake la baa silo lako. Kumpigia bosi wake kwamba "ana malaria", kumvua viatu, kufua shuka usiku ili asubuhi akute safi: mambo haya hufanywa kwa upendo, lakini humfichia gharama ya pombe, na kama haioni atakataa kwa moyo mweupe kabisa. Mwambie mapema, akiwa mzima, kwamba utaacha, kisha uache kweli. Usitishie usichoweza kutimiza. Mipaka ipo: ufunguo wa gari au pikipiki mnyime, usimwache alale mvuani ili ajifunze, na akizima mlaze ubavu asipaliwe na matapishi. Akilalamika macho yana ukungu baada ya kunywa gongo, hata kama ni kesho yake, mkimbize hospitali. Inaweza kuwa methanoli, aina ya spiriti yenye sumu.

Upande wa pili husahaulika. Siku atakayorudi mzima saa kumi na mbili jioni, akikuta karo na kodi zimepangwa mezani zinamsubiri, kesho atapitia baa. Siku hiyo iwe ya chakula anachokipenda na maongezi mepesi. Madeni yana siku yake.

Wauzaji wa "dawa ya kuachisha pombe bila yeye kujua" waepuke. Baadhi ya dawa za kuachisha, kama disulfiram, zikikutana na pombe husukuma moyo mbio na kushusha presha vibaya. Kumwekea mtu kwenye mchuzi ni kumhatarisha, na akigundua hatakula tena mkononi mwako.

Hospitalini, omba daktari atumie dodoso la AUDIT: maswali 10, alama 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji ni wa hatari au una madhara. 20 na kuendelea huenda ni uraibu. Msitegemee kipimo cha ini peke yake, kwani mnywaji mkubwa anaweza kupata majibu safi, akarudi ameyakunja mfukoni kama cheti cha ushindi. Tanzania anzieni hospitali ya wilaya au ya mkoa. Kwa rufaa wapo Muhimbili, na hospitali ya afya ya akili ya Mirembe kule Dodoma. Kenya, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192.

Yote haya yaulizwe kabla hajakubali: kliniki ni siku gani, bima inapokewa au ni taslimu, nauli ipo, nani atamsindikiza. Akisema "haya, twende," iwe kesho asubuhi. Ikipita wiki, atakuuliza twende wapi.